Tangawizi ya Nyuma ya Nyumba

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, nikiwa bado msichana, na kwa kweli nimechoka kuikumbuka. Lakini kila mwaka ninyi mnaokuja hapa kituoni kujifunza kazi ya ushauri wa kilimo mnanilazimisha. Mwaka huu ni zamu yako, Trésor mwanangu. Nilikutuma upande wa Luano ukaangalie mashamba ya pilipili. Umerudi kabla ya saa sita, viatu vinang'aa, simu imejaa picha, na picha zote ni za shamba moja, lile la kando ya barabara lenye kibao. Unaniambia wakulima wameyapokea mafunzo vizuri. Wameyapokea! Kaa hapo kwenye kiti, zima hiyo simu, nikueleze.

Sisi pia tulikuwa na shamba la kando ya barabara. Mama yangu alilima upande huohuo wa Luano baada ya kufiwa na baba, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Zao lake lilikuwa tangawizi. Mbegu aliipata kwa mama yake, kule Mitwaba: vipande vidogo, vimejikunja, vikali mpaka machozi yanatoka. Wachuuzi wa Sakania waliijua kwa harufu tu, na walipita nyumba za wengine wakaja kwetu. Kila mwaka mama alitenga sehemu ya mavuno iwe mbegu, na hakumgawia mtu, hata dada yake wa tumbo moja. Jambo hilo lilileta maneno mengi kwenye ukoo, lakini hayo si ya leo.

Basi alikuwepo monitere, ndivyo tulivyowaita washauri wa kilimo. Kijana msomi, shati limepigwa pasi, wala hakuwa mtu mbaya. Aliyotufundisha yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alisema tuinue matuta ili maji yasisimame, tufunike udongo kwa majani makavu, tusipande tangawizi mahali palepale mwaka baada ya mwaka. Ila alikuwa na mdomo. Siku moja alimkuta jirani yetu amechoma moto majani ya shambani, akamwita mjinga mbele ya watoto wake.

Tangu hapo wanawake wa njia yetu wakapatana. Kila mmoja akalima kipande kidogo cha mboga mbele ya nyumba, sawasawa na maneno ya yule kijana, na tukakiita shamba la monitere. Shamba lenyewe, lile la kutulisha, lilikuwa nyuma ya nyumba, na huko kila mtu alilima alivyozoea.

Mwaka ule, mvua zilipokolea, tangawizi ya nyuma ikaanza kugeuka njano. Ukivuta shina, linatoka lenyewe, laini, linanuka. Nikamwambia mama tumuulize monitere. Akanijibu bila kuniangalia:

"Aone vile nilipanda pale pale tena? Aniite mujinga miye pia, mbele yako? Hapana."

Asubuhi ninayoisema, monitere akapita na baiskeli yake. Akasimama mbele ya kile kipande, mguu mmoja chini, mwingine bado uko kwenye pedali. Uso ukamchanua.

"Mama, shamba yako iko muzuri sana! Na kule nyuma kuko nini?"

"Kule nyuma? Iko majani tu, Monitere."

"Haya, mama. Aksanti."

Akaenda zake. Kutoka pale aliposimama mpaka kwenye tangawizi iliyokuwa inaoza, mwanangu, hata kuku mgonjwa angefika. Niliwakasirikia wote wawili, sikujua nianze na nani. Huyu anauliza swali huku ameshaanza kuondoka, na huyu anaficha ugonjwa kana kwamba ni aibu ya familia. Nilimfuata mama jikoni nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ambayo binti hampazii mama yake, na nikanyamazishwa inavyostahili.

Mvua hazikutungojea tumalize ugomvi wetu. Ugonjwa ukatembea na maji, mstari kwa mstari, mpaka ukafika kwenye kona ile mama aliyoitunza kwa ajili ya mbegu. Kila jioni alikwenda kuiangalia.

Mvua zilipokaribia kwisha, monitere akaja na wakubwa wake ndani ya gari. Amewaleta wamwone mama, mkulima wake wa mfano. Wakashuka, wakasifu matuta, wakasifu majani makavu, yeye anatabasamu kama bwana harusi. Mama akawaacha katikati ya sifa zao, akazunguka nyumba. Akarudi na tangawizi iliyooza, inachuruzika, akaiweka kwenye kiganja cha yule kijana.

"Kamata, Monitere. Hii njo shamba yangu. Ile ya mbele iko yako."

"Lakini mama, weye mwenyewe uliniambia kule iko majani tu!"

"Nilikudanganya, na weye ulifurahi. Ungeingia siku ile, ungeniita mujinga, ningekasirika, halafu ningekupikia bukari. Mbegu ya mama yangu ingepona."

Wakubwa wakatazama viatu vyao. Yule kijana hakuitupa ile tangawizi, namsifu kwa hilo. Alikwenda nyuma na sisi, akapiga magoti kwenye tope na shati lake la pasi, akauliza ugonjwa ulianzia wapi. Alitufundisha kung'oa na kuchoma yote, kuchimba mfereji, kupanda mahindi na maharagwe pale kwa miaka kadhaa. Alifanya kazi nzuri siku ile, ila ilikuwa kazi ya mazishi. Hatukupata hata kipande kimoja kizima cha kupanda tena.

Baadaye mama alinunua mbegu nyingine sokoni na kuilima vizuri, kwa matuta, kwa mzunguko, kama alivyoelekezwa. Alionja chai ya tangawizi hiyo mara moja, akaweka kikombe chini, akasema iko muzuri. Sikumwona akiinywa tena mpaka alipofariki.

Sasa wewe. Mboji unaijua, mzunguko wa mazao unaujua, mtihani wako niliusahihisha mwenyewe. Nitakufundisha nini tena? Kesho rudi kule Luano. Salimia, keti, kunywa maji utakayopewa, kisha omba kupelekwa nyuma ya nyumba. Wakikuambia hakuna kitu, shika jembe uwasaidie kazi iliyopo, uombe tena kesho yake. Ukikuta wamekosea, usimtukane mtu, hasa mbele ya watoto wake. Na mkulima akikuonyesha mazuri matupu, usipige picha ukafurahi. Jua kwamba bado anakuogopa, na kumwondolea woga huo ndiyo nusu ya kazi yako. Nimewaambia hivi wenzako wote waliotangulia, na nusu yao walinirudia na picha.

Nenda basi. Mungu akutangulie njiani, akupe ulimi wa upole na magoti yasiyoogopa tope. Na akujalie, mwanangu, watu wa kukuambia ukweli wakati bado kuna kitu cha kuokoa.