Kizibo Changu Kiliandikwa Moja

Lori liliondoka Soweto, mtaani kwetu, na wenzangu juu wanaimba. Mimi nimebaki chini, njumu zinaning'inia shingoni. Kabla halijaondoka nilimshika mkono katibu wa timu yetu.

"Katibu, umenisahau."

"Nikusahau wapi, bwana mdogo? Wewe si moja tu? Hata mezani golikipa anakufunga!"

Juu ya lori wakaangua kicheko.

Walikuwa wanakwenda Iringa kucheza na timu ya kiwanda. Ukionekana kule, unaajiriwa. Mimi sina kazi, mke ana mimba.

Sasa hiyo moja ilitoka wapi? Bwana mmoja wa kile kiwanda cha Iringa, kazi yake kupanga madaraja ya tumbaku, alikuja kututazama Mbalizi. Akatupanga kama majani yake: daraja la kwanza ndilo bora, la sita takataka. Akanishika bega mbele ya watu: "Huyu la kwanza, hana doa."

Katibu naye alikuwa na mchezo wake pale kilabuni, mpira wa mezani wa vizibo vya soda. Kila kizibo ni mchezaji, kina namba yake. Unarusha dadu, unajumlisha na ile namba, mwenye nyingi anachukua mpira. Basi akayachukua yale madaraja, akayaandika kwenye vizibo vilevile yalivyo. Mimi la kwanza, nikawa moja. Beki wetu mzito, wa daraja la sita, akawa sita. Mezani yule beki alikuwa simba! Watu wanakunywa, wananicheka, na mimi nacheka nao. Nilidhani mchezo tu. Kumbe timu ya kwenda Iringa ilikuwa inapangwa palepale, kwa vizibo.

Beki alirudi na kazi, mlinzi wa geti la kiwanda. Mimi nikabeba mbao mpaka mgongo ukapinda.

Mpaka leo sielewi. Mimi niliishia darasa la nne, ila hata mimi najua tumbaku ya kwanza ndiyo yenye bei. Katibu aliyesoma asijue? Au ni kwa sababu beki ni shemeji yake? Na yule bwana tumbaku siku ile ya lori alikaa mbele na dereva, akasikia yote, akatazama pembeni. Kwa nini?

Katibu, uko hai, nakuona sokoni. Acha kuniuliza habari za watoto. Ulikosea au ulijua? Nijibu.