Jani Linakula kwa Mdomo Gani

Pamba iliyoshinda juani ina harufu yake, ya vumbi na mbegu zenye mafuta, na mpaka leo nikiisikia narudi kijijini kwetu Sapiwi, nimekaa kwenye turubai uani, jioni ikiingia polepole. Msimu ule tulikuwa darasa la saba, mimi na dada yangu Kabula, aliyechelewa kuanza shule kwa sababu ndiye aliyetulea sisi wadogo. Baba alikuwa ameshasema kwamba Kabula asipofaulu, ng'ombe watapokelewa, aolewe. Alilisema kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko ukali.

Kila jioni tukichambua pamba, safi huku, fifi yenye uchafu kule, Kabula alimfundisha mama somo la siku hiyo kwa Kisukuma. Mama hakuwahi kukaa darasani. Nilikuwa nawacheka, maana kwangu kusoma kulikuwa ni kukariri, na neno usanisinuru nililitamka bila kujikwaa. Siku Kabula alipoeleza kwamba jani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, mama aliokota jani kavu lililonasa kwenye pamba, akaligeuzageuza.

"Linakula kwa mdomo gani?" akauliza.

Kabula alimpokea mama lile jani, akalitazama. "Mayu, kumbe hata mimi sijaelewa."

Kesho yake mwalimu alipouliza kama tumeelewa, tuliitikia ndiyo kwa pamoja, kama kawaida yetu. Kabula akasimama, akauliza swali la mama neno kwa neno. Darasa likaangua kicheko. Wahenga husema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema kwamba kunauma. Hata hivyo Kabula hakuketi mpaka mwalimu alipoeleza habari za vitundu vidogo vya jani vinavyopitisha hewa. Jioni mama alipata jibu lake, akadai somo jingine.

Kabula alifaulu. Baba alitangaza kwa majirani kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo. Mama alisema tu, "Tumefaulu," akaendelea kupepeta mtama, nami nikampenda mno.

Siku hizi wanangu wanasoma Bariadi mjini, wana masomo ya ziada na simu inayojibu kila kitu, na nawafurahia. Likizo hii niliwapeleka kwa mama. Alimwuliza mkubwa, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, anasoma nini shuleni, naye akaeleza kwa Kiswahili cha kasi, maneno ya kitabuni yakifuatana. Mama aliweka ungo chini, akasubiri aelezwe kwa Kisukuma. Mtoto akanigeukia mimi, maana Kisukuma hana, na mama akaendelea kusubiri.