Ukuta Uliokuwa Ukiliwa

Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu, upande wa chumba cha mama mkwe, ulianza kuliwa kutoka chini. Kwanza plasta ilivimba, kisha ikadondoka vipande. Ndani rangi ilibadilika mpaka usawa wa goti, na godoro lake likaanza kunuka uvundo. Nje matofali yalibaki wazi, na mengine yalikuwa yamechimbika katikati, laini, kama yaliyokwanguliwa na kijiko.

Mashimo hayo ndiyo yalinitia wasiwasi. Unyevu niliuzoea; kijijini kwetu, huku jirani na Genkuru, nyumba nyingi zina unyevu wakati wa masika. Lakini unyevu hauna kijiko.

"Kuna mtu anachukua udongo wa ukuta wangu," mama mkwe alisema. "Na anayechukua udongo wa nyumba ya mwenzake hana nia njema."

Mume wangu anafanya kazi Sirari na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Nilipompigia simu alicheka, akaniambia nitafute fundi. Mimi sikucheka, maana mtu wa kumshuku nilikuwa nimeshampata.

Alikuwa jirani yetu wa nyuma. Yeye na mumewe walitoka mkoa mwingine kufuata dhahabu, wakanunua kiwanja kinachopakana na chetu. Mara mbili nilimkuta ameinama karibu na ukuta wetu, ameshika jembe. Mara zote mbili aliinuka haraka.

"Habari za asubuhi, dada," alisema.

Nilimjibu kwa kichwa tu. Baadaye hata kichwa nikaacha.

Nilihamisha cherehani yangu kutoka sebuleni, nikaiweka kwenye dirisha la nyuma. Nilishona sare za shule jicho moja likiwa kwenye kitambaa na jingine nje. Kila jioni nilifagia vumbi chini ya ukuta ili asubuhi nisome nyayo. Nilikuta alama za kwato na alama za kandambili. Za kwato sikuzijali. Za kandambili nilizipima kwa kiganja changu.

Fundi alikuja kutoka Tarime mjini, mtu mzima, mpole. Kabla hajashusha mfuko wake wa vifaa, jirani alipita, wakasalimiana kwa kilugha ambacho sikukielewa, wakacheka. Nikajisemea, sasa wako wawili.

Fundi alichuchumaa ukutani, akagusa unga mweupe uliokuwa umetoka kwenye matofali, akaulamba.

"Chumvi," alisema.

"Nani ameitia?"

Alinitazama kwa mshangao. "Hakuna aliyeitia, mama. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanapita kwenye tofali na chumvi yake. Yakikauka, chumvi inabaki nje. Tofali linaoza taratibu."

Sikuamini. Nilimwambia aanze kazi, nikarudi dirishani. Aliifukua ardhi mpaka akauona msingi, akaniita nione kwamba hapakuwekwa nailoni ya kuzuia maji kati ya msingi na ukuta. Mchana alikwenda mgahawani kula. Nilibaki dirishani, nikisubiri jirani aje kufanya alichokuwa akifanya.

Aliyekuja ni mbuzi wangu mwenyewe, yule jike mweusi. Alifika ukutani moja kwa moja, kama anayejua sahani yake ilipo, akaanza kulamba tofali. Nilisikia ulimi wake ukikwangua. Alilamba, akapumzika, akalamba tena, palepale kwenye shimo.

Niliona aibu nikiwa peke yangu chumbani.

Fundi aliporudi nilimweleza. Hakucheka. "Mbuzi anamalizia tu," alisema. "Mimi nataka kujua kwa nini maji yanakuja huku." Alifuata mteremko wa ardhi mpaka mpakani. Pale, chini ya majani, palikuwa na tuta lililopigwa kwa jembe, refu, likiyageuza maji yote ya mvua kuelekea ukutani kwetu.

Kumbe sikuwa nimekosea kwa yote. Nilikwenda kwa jirani nikiwa na hasira na aibu pamoja, sijui nianze na ipi.

"Lile tuta ni lako?"

"Ni langu," alisema bila kusita. "Maji ya bati lenu yalikuwa yanaingia jikoni kwangu. Nilidhani mnatufukuza kwa njia hiyo, kwa kuwa sisi ni watu wa kuja."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Salamu zangu huitikii."

Nilimwomba radhi; naye alisema, "Yameisha," kwa sauti ya mtu ambaye bado anapima.

Fundi alilisawazisha tuta, akachimba mfereji mmoja mpakani wa kupeleka maji ya nyumba zote mbili barabarani. Kisha akatoa matofali mabovu matatu matatu, akiruka sehemu ili ukuta usikae hewani. Alitandika nailoni nzito, akajenga upya kwa matofali yaliyoiva, yale yanayolia yakigonganishwa. Ndani alikataa kupiga plasta mpaka ukuta ukauke, hata nilipomsihi.

Mama mkwe hakuridhika na habari ya mbuzi. Aliyakusanya mabaki ya matofali ya zamani yote, akayafukia mwenyewe nyuma ya zizi, wala hakutaka msaada.

Masika yaliyofuata ukuta ulibaki mkavu. Jirani nami tunausafisha mfereji siku ileile, kila mmoja upande wake. Tunaongea habari za bei ya mahindi na homa za watoto. Akiinama na jembe lake, huwa natazama anaelekeza wapi udongo. Naye, nimemwona, hutazama ninakoelekeza wangu.