Atomu ku ukuta ya jikoni

Mudogo wangu iko na akili ya masomo, mimi niko na akili ya kuchekesha bantu. Mi niliachia ku mwaka ya sita ya primere, yeye akaendelea mpaka sekondere. Kwetu, ku kilima juu ya Shasha, karatasi iko bei, njo maana alikuwa anachora masomo na makala ya moto ku ukuta ya jikoni. Mama anamugombeza, yeye anachora tu.

Asubuhi moja niko chini namenya maharagi. Mudogo akachora kadoti kakubwa, akakazungusha na miviringo tatu.

"Kaka, hii ni atomu. Ya katikati ni nwayo, kiini yake. Elektroni zinazunguka kwa inje, zimepangwa mu makushe."

"Makushe? Ile tunavalisha batoto juu ya mukojo?"

"Eh, kaka! Kushe ni kama sakafu. Ya kwanza inabeba mbili, basi. Ikijaa, zingine zinaenda ku ya pili, ile inabeba nane. Sodiyumu, ile ya mu chumvi, iko na kumi na moja. Mbili, nane, halafu moja inabakia huku inje peke yake."

"Maskini, haikupata bibi."

Akacheka. Hajamaliza kucheka, tukasikia masasi: balikuwa banaua imbwa yetu ku mulango. Bantu ya bunduki bakaingia na kiatu yenye damu, bakamutupa mama mu majivu. Shefu yao akaona ukuta.

"Hii ni nini?"

Mudogo wangu anajibukaka muntu yote sawa vile ni mwalimu. "Ni nwayo, shefu."

Ile neno njo ilituchoma. Kwa bale bantu, nwayo ni bakubwa ya kikundi, bale banakala katikati na kupanga vita. Shefu alikuwa anaona kilima, na miviringo ya walinzi.

"Nwayo ya nani?"

"Ya Sodiyumu."

"Sodiyumu njo komanda yenu?"

Mbele mudogo ajibu, kitako ya bunduki ilimuingia mu mudomo. Meno ilianguka mu maharagi yangu.

"Na huyu wa inje, peke yake? Njo mupelelezi?"

"Ile..." mudogo akatema damu, "ile inatokaka mbio sana."

Yesu! Bakamupiga teke mpaka akakunjama. Kila ukweli alisema ilikuwa inamuletea fimbo ingine.

Shefu akasema: "Mumupeleke mu migomba, mumalize."

Mi nikashika mguu ya shefu. "Shefu, ni masomo! Ni mambo ya chumvi!" Bakanipasua kichwa na mudomo ya bunduki, damu ikanifunga jicho moja. Sikuachia.

"Masomo? Basi na wewe unaijua," shefu akasema. "Yeye atajibu kule inje, wewe humu. Kama majibu haifanane, bote mutakufa. Unipangie yenye iko na kumi na mbili."

Kumi na mbili hatukuisoma. Nilikuwa nasikia banamukokota mudogo, mama analia mu majivu. Nikachukua maharagi kumi na mbili, zingine na damu yake. Mbili karibu, kushe imejaa. Nane, imejaa. Mukononi mulibakia mbili.

"Mbili, nane, mbili," nikasema. Mukojo ilikuwa imeisha kunitoka. Kushe kweli ingenisaidia.

Shefu akapiga kelele kwa mulango: "Mumuulize huyo, yenye iko na kumi na mbili inapangwa namna gani?"

Sauti ya askari ikarudia toka mu migomba: "Anasema mbili, nane, na mbili!"

Nilifikiri shefu atacheka. Lakini muntu mwenye alikosea mbele ya askari yake hachekake. Akatoka, akaita bamurudishe mudogo, akaweka mukono yake ya kuume ku jiwe yetu ya kusagia, akaivunja na kitako ya bunduki. Nilisikia mifupa.

"Sasa uchore," akamuambia.

Bakabeba maharagi yote, bakashuka. Mi nikatambaa mpaka kwa mudogo, nikaweka kichwa yake ku magoti. Alikuwa anapumua. Akafungua ile mudomo bila meno.

"Kaka... kumi na mbili... inaitwa manyeziyumu..."

Nikamufunga mudomo na mukono yangu, nguvu yote, ju bale bantu balikuwa bado mu migomba.