Nyumba Yenye Moshi Si Kifusi

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila niteremkapo barabara ya Nengo kuelekea ziwani. Nilikuwa kijana wa kubeba misumeno ya baba yangu, seremala ambaye mbao zake nyingi zilitoka katika nyumba zilizoanguka. Ardhi ya kwetu haitulii; volkano ikighadhibika, kuta hupasuka. Hakuna aliyeona haya kuomba tofali zima katika kifusi cha jirani na kulipandisha upya ukutani kwake. Kazi hiyo hatukuipa jina kubwa. Tuliiita kutotupa.

Siku hiyo mfanyabiashara mmoja alitupeleka kwenye nyumba aliyopanga mjane mmoja, muuza sambaza, vidagaa vya ziwani, pamoja na bintiye Zaituni. Mfanyabiashara huyo aliutamani mlango wao wa libuyu, mbao nzito ya Kongo, ambao baba mwenyewe aliutengeneza.

"Papa Yozefu, hii nyumba iko ya kuanguka. Toa mulango, mi nakulipa bien, muzuri kabisa."

Baba alitazama paa la jikoni, lililokuwa likifuka moshi. "Iko ya kuanguka, ao we ndiye unataka ianguke?"

"Ukuta iko na ufa!"

"Na we uko na upara. Tukubomoe?"

Mjane alicheka hadi akaketi chini. Mimi, niliyekwisha kutoa bisibisi mfukoni, niliirudisha polepole. Baba hakucheka. Alinyoosha kidole kuelekea juu ya jiko na kusema: "Nyumba yenye moshi haiko kifusi. Siku moshi itaisha, rudia."

Nimezeeka na neno hilo. Sikudhani ningelihitaji kwa mtu wa damu yangu.

Désiré, mtoto wa ndugu yangu, anasimamia ujenzi wa hoteli moja ufukweni. Hoteli hiyo inatafuta cheti cha jengo la kijani: wakaguzi hutoa alama kwa kila jitihada ya kuyapunguzia mazingira madhara, na baadhi ya alama hizo hupatikana kwa kutumia tena vifaa vya majengo ya zamani, badala ya kuchoma matofali mapya na kuangusha miti mingine. Na nieleweke vyema: sina ugomvi na cheti hicho. Kimekipa heshima kile ambacho baba zetu walikifanya bila kupigiwa makofi.

Mwezi uliopita Désiré alinialika kwa fahari. "Kuja uone, Papa mukubwa." Nikaona marundo ya matofali yaliyosuguliwa, na juu yake mlango wa libuyu. Kwenye pembe ya chini palikuwa na kiraka cha mkaratusi alichokitia baba yangu baada ya panya kuutafuna.

"Nyumba ya mlango huu ilianguka lini?" nikauliza.

"Haikuanguka, Papa mukubwa. Patron wa hoteli aliinunua, tukabomoa. Basi vifaa ni vya kale, alama zinahesabika."

"Na Zaituni, aliyebaki humo akiuza samaki kama mamake?"

"Aliambiwa ahame. Pengine yuko kule Cyanzarwe, mbali na ziwa." Kisha, kama mtu anayetaja hali ya hewa, akaongeza: "Alama bado hazijatosha. Jumatatu tunaanza ile ya jirani, alimopanga Mzee Bosco. Mwenye nyumba amekubali kuuza."

Nilimuuliza kama anayeweka sahihi kuthibitisha asili ya vifaa si yeye. Akajibu, wala hakuona aibu: "Karatasi inauliza kama tofali ni la zamani. Haiulizi nani alikuwa ndani."

Haiulizi! Mwanangu, nimefundishwa kupima maneno, lakini hapo nilipaza sauti hadi wapakaji chokaa wakashuka ngazini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema toboa ukuta ili upate ufa. Ng'ombe hachinjwi mzima ili ngozi yake iitwe ya mzoga. Nyumba iliyostahimili matetemeko yote ya mlima ule imeangushwa na watu wanaotafuta sifa ya kutoangusha! Mgeni atalala hapo, atasifu mbao nzee, atasoma cheti ukutani, wala hatajua kwamba mama mmoja alitolewa nyuma ya mlango huo pamoja na beseni zake za samaki.

Nikamwachia Désiré neno la babu yake juu ya nyumba yenye moshi, nikaondoka bila kumuaga.

Jumatatu ilipofika nilikwenda Nengo asubuhi kusimama mlangoni kwa Mzee Bosco. Nikamkuta Désiré amenitangulia, mikono mitupu, akitazama moshi wa jikoni.

"Nimekataa kuweka sahihi, Papa mukubwa. Bila sahihi alama hazitahesabika, basi hawana haja na nyumba hii tena. Patron amekasirika sana."

"Akasirike. Na Zaituni je?"

Akageukia kiwanja kitupu cha jirani, palipokuwa pake. Nyumba ya Zaituni haitarudi, na hasira yangu haijapoa, wala siombi ipoe.

Basi shika haya, wewe unayejenga. Okoa kilichoanguka, usiangushe ili uokoe. Kabla hujauliza umri wa tofali, uliza nani alilala chini yake, hata kama karatasi imenyamaza. Sifa ya usafi isiyomwona aliyefagiliwa nje ni uchafu uliopakwa rangi ya kijani.

Mungu akupe mikono isiyotupa na macho yanayotazama juu ya jiko kwanza. Na utakapozeeka ndani ya nyumba yako, kuta zikiwa na nyufa zake, asipite mtu akaiita kifusi hali moshi wako bado unapanda.