Tangi la Upepo la Bluu

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, sisi walimu tulikuwa watu wa kushangaa tu. Jana tulikuwa tunapanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika, leo maduka ya Songea yamejaa sabuni za rangi ambazo hatukuwa na majina yake. Kila mwenye ndugu Dar es Salaam alikuwa na kitu cha kuuza. Magari yaliyokwisha tumika ng'ambo yalianza kufika hadi kwetu, na kila aliyenunua moja alitaka lipakwe rangi upya lionekane limetoka kiwandani. Hapo ndipo mume wangu alipopatia riziki yake.

Alikuwa fundi wa kupaka rangi magari, mtoto wa hapahapa, mama yake akikaa Matogoro chini ya mlima. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, mgeni kutoka Singida, na bora niseme mapema kwamba nilijiona nina akili kumzidi. Sikumtukana hata siku moja. Ila alipomaliza kazi na kuniita nione, nilitazama, nikaonyesha palipokosewa, nikarudi kwenye madaftari yangu.

Kompresa yake mwenyewe, ile mashine ya upepo wa kupulizia rangi, hakuwa nayo. Alitumia ya muuza vyuma mmoja wa Mfaranyaki, na badala ya kodi alimpakia rangi yule bwana chochote alichompa: mageti, vitanda vya chuma, madumu. Sikuwahi kuuliza alikuwa anapaka nini huko. Kilichonishughulisha ni siku tutakayokuwa na mashine yetu, na kidogokidogo tukafika. Tukapata injini ndogo ya petroli, tukapata na kichwa cha kompresa chenye afya. Kikabaki kitu kimoja, tangi la kuhifadhia upepo.

Jumanne baada ya shule tulikwenda kulichagua, mtoto wetu wa miezi saba nikiwa nimembeba mgongoni. Muuza vyuma alitutolea matatu. La kwanza lilikuwa mtungi wa gesi ya kupikia, chuma kinene kweli, lakini mume wangu alisema hakuna fundi mwenye akili timamu atakayeutoboa na kuuchomelea. La pili lilikuwa dogo, la breki za lori, jeusi, lina mikwaruzo kama limeburutwa kutoka Tunduru. La tatu ndilo lililoniteka roho. Lilikuwa kubwa kama pipa lililolazwa, lina miguu minne, na rangi yake ya bluu ilikuwa laini mno hata nikajiona humo ndani nikiwa na mtoto wangu.

"Tuchukue lile dogo," alisema mume wangu.

Nikaanza kumfundisha, mbele ya watu. Tangi dogo linajaa upesi na kuisha upesi. Ukifika katikati ya mlango wa gari upepo unafifia, rangi inatoka madonge, unasimama kusubiri, na mshono wa pale uliposimama unaonekana. Injini nayo haipumziki. Tangi kubwa linachelewa kujaa, lakini likijaa unamaliza ubavu mzima wa gari kwa mkupuo mmoja. Nilichukua hata kipande cha chaki kwenye mkoba nikaandika hesabu sakafuni, lita kwa lita. Muuza vyuma alitikisa kichwa kwa heshima. Na kwa upande wa ukubwa nilikuwa sahihi, mpaka leo hakuna wa kunikosoa.

"Lile dogo linatosha kuanzia," akarudia.

Nikaona ni uoga wa mtu asiyezoea vitu vikubwa. Nikaliendea la bluu na kulipima kwa namna niliyofundishwa na mama mkwe wangu, ambaye ni mfinyanzi. Mwaka nilioolewa alinipeleka kuchagua chungu, akanionyesha: unakunja kidole, unagonga. Chungu kizima kinalia, chenye ufa kinakoroma. Nikagonga tangi juu, nikagonga ubavuni. Lililia kengele tupu. Nikalipapasa mgongo nikasema, "Tazama kazi hii. Aliyepaka hapa anajua anachokifanya."

Mume wangu akafungua mdomo, akaufunga. Akamtazama muuza vyuma, na muuza vyuma akamtazama yeye. Mimi nikadhani wanapimana kwenye bei. Akasema kwa mara ya tatu, kwa sauti ndogo, "Mwalimu, lile dogo." Nikamwambia asinitie aibu.

Tangi la bluu likaja kwetu kwa mkokoteni, na Jumatano likawa limefungwa uani, kichwa na injini juu yake. Nilikuwa na furaha ya kitoto. Nilipotoka shule nilikaa palepale na madaftari yangu, nimeegemea tangi, mtoto mgongoni. Chuma kilikuwa na joto zuri na kilitetemeka taratibu, na yule mtoto aliyekuwa msumbufu wa usingizi alilala fofofo. Mume wangu akaja mbio kutoka upande wa pili wa ua.

"Toka hapo. Kelele zitamuumiza mtoto masikio."

"Mbona analala?"

"Nimesema toka!"

Hakuwa mtu wa kufoka. Nilihamia barazani nimevimba, nikimnung'unikia kwamba kelele hazijaua mtu. Alhamisi nikarudi kukaa palepale, akanifukuza tena. Ijumaa vilevile. Nikagundua pia kwamba haachi mshale wa geji ya upepo upande zaidi ya nusu. Ukifika hapo anazima. Nilipomuuliza alisema anaitunza injini. Yeye mwenyewe alisimama karibu na tangi kila lilipokuwa likijaa, mkono kwenye swichi, hasogei.

Jumatatu yake tulitegemea kazi ya kwanza ya kweli, pikapu ya mtu mzito wa pale mjini. Kwa gari zima nusu ya geji isingetosha, angepaswa kulijaza tangi mpaka mwisho. Na mimi nilikuwa nimewaalika walimu wenzangu wawili waje waone.

Jumamosi mama mkwe akateremka kutoka Matogoro na kikapu cha maboga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkamwana. Ndiyo hilo?"

Akalizunguka mara mbili. Akakunja kidole akagonga, likalia. Nikamwambia kwa majivuno kwamba hata mimi niligonga, kama alivyonifundisha.

"Na maji?"

"Maji gani, mama?"

"Uliligonga, halafu ukalijaza maji likalala?"

Nikacheka. Ni kweli, mwaka ule wa chungu alikijaza maji mpaka mdomoni, tukakiacha mpaka kesho yake ndipo akakipitisha kwa kupikia. Nyumbani kwake hakuna chombo kipya kinachoanza kazi bila kulazwa na maji, hata sufuria ya dukani. Mimi nililichukua kama jambo la mila, nikaliacha hukohuko Matogoro.

"Mama, hili ni la upepo. Maji yataliharibu."

"Nilikufundisha mambo mawili, wewe ukachukua moja." Hakucheka hata kidogo. "Kama halizuii maji, huo upepo litauzuiaje?"

Nikageuka kwa mume wangu anisaidie kumtoa mama yake kwenye mambo ya zamani. Niliyemwona akanishangaza. Alikuwa keshachukua ndoo. Mwanaume ambaye tangu tuoane sikumwona akibeba maji, alikwenda bombani akarudi, akaenda akarudi, amelowa mpaka magotini. Akafungua koki ya juu akamimina mpaka maji yakafurika, akaifunga, akakaa chini akihema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikasema moyoni, huyu bwana ana nini?

Kesho yake tulirudi kutoka misani jua likiwa limeshapanda. Mama mkwe alikwenda moja kwa moja uani, akapiga magoti na kitenge chake cha kanisani, akachungulia chini ya tangi. Akaniita. Hakuniita mkamwana, aliniita "wewe".

Nikainama. Tumbo la tangi, upande ambao hakuna anayegonga, lilikuwa limetoka malengelenge. Rangi ile laini ya bluu ilikuwa imevimba hapa na pale kama ngozi ya mtu aliyemwagikiwa uji. Nikagusa moja kwa kidole. Kidole kikazama. Maji machafu ya kahawia yakaruka yakanilowesha kiatu.

Mume wangu alikuja na bisibisi. Hakugonga, alisukuma tu, polepole, kama mtu anayechoma kiazi kuona kama kimeiva. Bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, chini ya bluu kulikuwa na puti nyeupe, lile tope gumu ambalo mafundi wa rangi huzibia mashimo kwenye bodi za magari, na chini ya puti chuma kilichokuwa kinabanduka kama maganda ya karanga. Tangi lilikuwa limeliwa na kutu kutoka ndani. Sehemu kubwa ya tumbo lake ilikuwa puti na rangi.

 Sijui niliketi saa ngapi, ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa chini kwenye matope na mtoto amekwisha chukuliwa na bibi yake. Niliona Jumatano yangu. Niliona mgongo wa mwanangu, na kati yake na ule upepo wa kulipuka hakuna ila kitu ambacho bisibisi imepita bila nguvu. Niliwaona walimu wenzangu wawili wamesimama Jumatatu na soda zao mkononi. 

Halafu mshtuko wa pili ukaja nyuma ya ule wa kwanza. Alinifukuza. Mara tatu alinifukuza.

"Ulijua," nikasema.

 Mama yake ndiye aliyeuliza, "Mwanangu, ulijua?"

"Rangi hii niliichanganya mimi," alisema. "Mabaki ya magari mawili. Haipo kwa mtu mwingine. Muuza vyuma aliniletea akasema ni ya kuwekea maji shambani, niyazibe yapendeze. Nikaziba."

"Niyazibe?" nikasema. "Yalikuwa mangapi?"

"Mawili."

Mama mkwe akashika kichwa. La pili, mume wangu alisema, lilinunuliwa na mjaza upepo wa matairi kule Namtumbo, kando ya stendi.

Sikuwahi kumwona mama yule akimpiga mtu. Alimpiga mwanawe kofi moja, mtu mzima mwenye mke na mtoto, kisha akamshika shati akalia naye. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira iliyonizidi kimo, na ndani ya hasira ile hofu, maana nilikuwa nimelala kando ya mtu huyu usiku wa siku tano akijua.

Basi la Jumapili lilikuwa limeshaondoka; Jumatatu alfajiri alipanda la kwanza kwenda Namtumbo, pikapu ya mtu mzito akaiacha isubiri. Siku ile sikufundisha kitu. Nilisimama ubaoni nikaandika tarehe, nikaitazama. Kila mlango ulipogongwa nilidhani wanakuja kuniambia kwamba kumetokea mlipuko.

Alirudi jioni, mzima, nguo zimejaa kutu. Alimkuta yule bwana wa matairi amelikalia, ndilo lilikuwa kiti chake anaposubiri wateja. Bwana yule alimwona mume wangu ni mwendawazimu, akaligonga amsikilizishe linavyolia. Ilibidi mume wangu ampigie magoti atoe upepo kwanza. Ulipokwisha aliingia chini na bisibisi yake, na ilipopita, mwenye tangi aliinuka akaenda nyuma ya kibanda akatapika. Kisha wakalipasua kwa shoka wote wawili ili lisije likapakwa tena.

Alinihadithia hayo akiwa ananawa mikono karai moja na mimi, bila kunitazama. Nilingoja amalize. Nikauliza lile lililonikaba tangu jana.

"Kwa nini hukuniambia palepale dukani? Maneno mawili tu. Limeoza."

Alisugua kucha muda mrefu.

"Nilikuwa nataka kusema. Nikafungua mdomo." Akasugua kidole kingine. "Wewe ukawa unalipapasa. Ukasema aliyepaka hapa anajua anachokifanya."

"Sasa?"

"Tangu unioe, ama nikuoe, hujawahi kuniambia hivyo. Nikasema acha neno hilo lidumu mpaka tufike nyumbani. Tukifika nyumbani nitamwambia. Tulipofika nikashindwa. Nikaona bora nisimame karibu nalo mimi."

Nilikuwa nimeandaa maneno ya mwezi mzima. Yakanipotea yote.

Pikapu ile aliipaka kwa lile tangi dogo la lori alilolitaka tangu mwanzo, baada ya kulilaza na maji siku mbili, mama yake amekaa kwenye kigoda analilinda. Ilikuwa kama nilivyosema: nusu mlango, upepo unaisha, anasubiri, nusu mlango tena. Ilimchukua siku tatu kazi ya siku moja. Mishono aliisugua kwa msasa usiku na mchana mpaka ikapotea. Ilipokauka nikatoka uani bila kuitwa, nikaizunguka, nikatafuta pa kukosoa kwa mazoea yangu, nikapakosa.

"Imependeza," nikamwambia. "Kweli imependeza."

Badala ya kufurahi akapiga magoti palepale, akaanza kukagua chini ya milango kwa vidole, inchi kwa inchi, aone ni nini hakijakaa sawa.