Jumapili za Donatus na Mashua Yake

Donatus wangu ni mtu wa Kolandoto, kwa wafugaji. Maji aliyokulia ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Sasa niambie, mtu huyo na mashua wapi na wapi?

Mgodi wa Geita ulipofungwa, mwaka sitini na sita, mzungu mmoja aliacha mashua yake ndogo ya tanga hapa Nungwe, ufukoni mwa ziwa. Ikaoza mpaka kuku wakataga humo. Mimi na Donatus, aliyekuwa seremala mgodini, tulihamia hapa kulima pamba, naye akaanza kuitengeneza. Si ya kuvulia, si ya kubebea mizigo. "Najifurahisha tu," alisema. Kila Jumapili. Mh! Kujifurahisha!

Mimi nilikuwa sijazaa. Wenzangu walikuwa Mama fulani na Mama fulani, mimi Apolonia tu. Wifi yangu Mageni, dada mkubwa wa Donatus, alikuja kila Jumapili kuniambia ng'ombe wao wa mahari wamekwenda bure. Nikajua tu: kuna mwanamke ng'ambo, kisiwani Kome, na hiyo mashua ni ya kumfuata.

Ushahidi si ulikuwepo? Kuziba nyufa za mbao alichukua pamba yangu, tena pamba safi, daraja la kwanza, ile fifi, ya daraja la pili, akaiacha! Mume anayekupenda atachezea jasho lako hivyo? Akanunua na kitambaa cha amerikani cha kushonea tanga, mimi gauni langu lina viraka. Nikamnusa mashati. Yananuka lami ya mashua tupu. Nikasema, mjanja huyu.

Siku ya kuishusha majini nilipanda kabla yake, nikakaa kitako.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Huko huko unakokwenda. Nikamwone."

"Nani?"

"Usinitanie, Donatus!"

Akasukuma, akaingia. Tulipofika mbali kidogo akashusha tanga. "Tumefika."

"Wapi? Hapa si maji matupu!"

"Ndiyo. Dada anataka nikuache nioe mwingine. Ni mkubwa wangu, kumkatalia usoni siwezi. Huku hanifikii."

Nililia, sikufichi, nililia kwa furaha. Halafu nikazikumbuka zile Jumapili, hasira zikanipanda.

"Kwa hiyo wewe unakimbilia mashua, mimi unaniachia dada yako jikoni?"

Ufukoni wifi alikuwa ameshafika, anatupungia kanga.

"Geuza," nikamwambia. "Leo utamkatalia, na mimi nikiwepo."

Donatus akapandisha tanga, tukarudi.